Njumu hazianikwi juani

Umeuliza kama njumu, hivi viatu vya mpira vyenye meno, ulizochezea ufuoni unaweza kuziosha na kuzianika juani. Hapana, ukishaziosha usizianike juani, hata kama jua la Malindi linakausha shati kabla hujamaliza chai. Joto kali hulegeza gundi na kukakamaza ngozi, ndipo soli inapoanza kuachama pale mbele kwenye vidole. Zangu za kwanza niliziweka juu ya bati, jioni soli ya mguu mmoja ikawa inacheka.

Na kwa vile umechezea ufuoni, usiziloweke kwenye ndoo. Zigonge soli kwa soli mchanga udondoke, kisha pitisha kitambaa chenye maji ya baridi na sabuni kidogo, na mswaki mkuukuu katikati ya meno ya soli. Maji yawe matamu. Ya kisima cha chumvi yakikauka huacha weupe. Kamba na soli za ndani zitoe, uzikaushe kando.

Halafu jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, ukiyabadilisha yakilowa. Za rangi nyeupe tumia karatasi ya choo, wino wa gazeti huambukiza. Kama ni ngozi halisi, zikikauka kabisa zipake mafuta ya viatu kidogo; za plastiki hazina haja.