Mchezo wa kompyuta unajenga ufahamu wa kusoma?

Ndiyo, ila mchezo unaofundisha kusoma si lazima ufundishe ufahamu. Watafiti Gough na Tunmer walieleza mwaka 1986: ufahamu ni zao la kutambua maneno ukizidisha kwa kuelewa lugha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. GraphoGame, programu ya mchezo ya Finland, kwa mfano, inamzoeza mtoto kulinganisha sauti na herufi. Inamfaa anayeanza, lakini yule anayesoma maneno vizuri na bado haelewi habari anahitaji kitu kingine.

Huyo mtafutie mchezo usiosonga mbele bila kusoma. Maelekezo yawe ya maandishi, kama "chukua ufunguo ulio nyuma ya pipa, si ule wa mezani", na akikosea arudishwe kwenye sentensi ile ile. Ujaribu mwenyewe kwanza: bonyeza ovyo dakika 2 bila kusoma chochote. Ukivuka hatua, mtoto naye ataigundua njia hiyo na atabaki kukisia tu. Sauti inayosoma maandishi yote izime, ibaki ya neno gumu tu. Na epuka picha za kubonyeza zisizohusu hadithi, zinamtoa kwenye mkondo wa habari.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha akusimulie nini kilitokea na kwa nini. Hapo usiparuke: mapitio ya tafiti za GraphoGame ya mwaka 2020 yaliona matokeo bora zaidi pale mtu mzima aliposhiriki kwa karibu.