Mavyaa kamwaga dawa ya mtoto, nami niko upande wake

"Shangazi, nimeolewa Wete mwaka wa sita sasa, naishi nyumba moja na mavyaa, na tangu siku ya kwanza hanipendi. Wiki iliyopita mwanangu wa miezi 11 alishikwa na mafua na homa. Nilikuwa na amoksilini ya maji iliyobaki kwa dada yake wa miaka 5, aliyeugua mafindofindo, nikampa kijiko kimoja. Mavyaa akaingia jikoni, akaninyang'anya chupa, akaimwaga yote mbele ya mawifi zangu na kusema nataka kumuua mjukuu wake. Mume wangu akasema mama ana haki. Nimechukua watoto, niko kwa mama Konde siku ya tano, na hajaja kunifuata. Nitamsameheje mwanamke huyu? Mnyonge wa Wete."

Mwanangu, pole kwa kuuguliwa. Kupanda gari ya Konde na watoto wawili, mmoja ana homa, si jambo jepesi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako hapo juu nimeifupisha, na ile ndefu nimeisoma mara tatu. Kila nikiirudia namuona mavyaa wako anazidi kuwa na haki.

Barua ina kurasa nne. Tatu na nusu unamsema yeye: anavyokutazama, alivyokukatalia kubadilisha mapazia, alivyokula pilau yako sikukuu bila kusema neno. Mtoto ana mistari miwili. Nimefika mwisho na sijui homa imeshuka au bado.

Halafu kuna hilo neno "iliyobaki". Imebakije? Umeniandikia mwenyewe, kwa haraka, kwamba daktari alisema siku 7, lakini siku ya nne binti alikuwa anacheza uwanjani, ukaona amepona, ukaiweka chupa dirishani. Homa hushuka mapema kwa sababu bakteria wengi wameshakufa. Wanaobaki ni wenye roho ngumu. Ukiikata dawa hapo unawapa nafasi ya kuzaana, na siku nyengine dawa ile ile haiwafanyi kitu. Alexander Fleming, aliyeigundua mwaka 1928 penisilini, dawa ya jamii moja na amoksilini yako, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu juu ya jambo hili hili, kwamba mtu akijipa dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Mavyaa wako hajui habari za Fleming, lakini umeniambia alikuuliza mara mbili, "Mbona dawa ya mtoto hamuimalizi?" Hukumjibu. Ulinung'unika.

Amoksilini ya watoto hutoka kiwandani unga mkavu kwa sababu ikishatiwa maji huanza kuharibika. Ikishachanganywa umri wake ni siku 7, au hadi 14 ikiwekwa kwenye friji, kwa namna karatasi yake inavyosema. Yako ilikuwa na siku 20, dirishani, jua la mchana likiipiga. Unasema rangi ilikuwa imebadilika kidogo. Uliona, na bado ukaimimina kwenye kijiko.

Na kijiko chenyewe? Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani: kimoja hakifiki mililita 4, kingine kinapita 6. Kile kikubwa cha kulia kinachukua kama 15, yaani dozi tatu za mililita 5. Kwa hiyo kikombe kidogo au bomba la plastiki lisilo na sindano, linalotolewa na dawa, usilitupe. Ukipewa chupa bila kipimo, usiondoke dukani mpaka wakupe.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba ulimpa mtoto mchanga dozi ya dada yake. Daktari hupima uzito kabla ya kuandika. Binti yako ana kilo 18 hivi, huyu labda 9. Tena chupa hazina nguvu moja: ipo ya miligramu 125 katika kila mililita 5, ipo ya 250. Ulijuaje kama mwili wake unaipokea penisilini? Wapo watoto wanaovimba midomo na kukosa pumzi kwa dozi moja. Na mafua mwanangu huletwa na virusi, ambavyo amoksilini haiviui. Ulimtia mtoto hatarini kwa dawa ambayo hata ingekuwa mpya isingemsaidia mafua yake.

Basi nikufundishe, kwa sababu hujafundishwa, na hilo silo kosa lako peke yako. Siku daktari atakapokuandikia dawa ya maji, mwambie mfamasia aichanganye mbele yako. Ikibidi uichanganye nyumbani, chemsha maji, yaache yapoe kabisa, gonga chupa unga uachane, tia maji kidogo, tikisa, kisha jaza mpaka alama, usipungue wala usizidi. Andika tarehe juu ya chupa. Ukipewa chupa mbili, ya pili usiitie maji mpaka ya kwanza iishe. Tikisa kila mara kabla ya kupima, maana unga hutuama chini: usipotikisa, mwanzoni mtoto anakunywa maji matupu na mwishoni anapata kali.

Mara tatu kwa siku maana yake kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi mkishasali alfajiri, saa 8 mchana baada ya adhuhuri, saa 4 usiku kabla hujalala. Mkalishe wima, mtilie kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Usimlaze chali, usimzibe pua. Usiichanganye na bakuli zima la uji, akibakisha nusu hujui amekunywa kiasi gani. Ukisahau, mpe ukikumbuka, ila ukiwa umekaribia wakati wa dozi inayofuata ngoja huo, na kamwe usimpe mbili pamoja. Akitapika papo hapo, muulize daktari kabla ya kurudia.

Sasa nyumba yako. Siku hizi msichana anaingia kwa mumewe akiwa ameshamtia mavyaa katika orodha ya maadui. Amesikia kwa mashoga zake, amesikia katika simu, kila kikao cha wanawake kinamcheka mama wa mume. Mama akisema neno, sauti inarekodiwa na kutumwa kwa marafiki sita. Zamani mavyaa ndiye aliyekukanda ulipojifungua, ndiye aliyeamka usiku mtoto alipolia. Wa kwako bado anaamka. Umeandika mwenyewe, kwa kulalamika, kwamba usiku ule alikuja mlangoni mara nne kuuliza mtoto anapumuaje. Hiyo ndiyo chuki unayoniambia?

Kukufokea mbele ya mawifi hakupendezi, na mumeo angeweza kukuita chumbani. Lakini angechagua maneno mazuri huku kijiko cha pili kinapanda mdomoni?

Leo hii mpeleke mtoto kituo cha afya, usingoje mume. Waeleze ulimpa nini, kiasi gani, siku gani, usifiche. Akipumua haraka, kifua kikiingia ndani, akikataa kunyonya au akipatwa na degedege, usisubiri hata kukuche. Kisha rudi Wete kwa miguu yako, umuombe radhi mavyaa kabla ya mumeo. Na uniandikie tena, safari hii uanze na hali ya mtoto.