Mhusika wako anadaiwa nini?

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya wahusika. Tumeyajibu kwa kadiri ya nafasi.

Mhariri amenirudishia hadithi akisema mhusika wangu mkuu hana uhai. Ni mama ntilie wa stendi, jina lake Mwanaidi. Nimemweleza ukurasa mzima: kimo, rangi, mavazi, na kwamba ni mkarimu ila ana uchungu wa pesa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ukurasa huo ndio tatizo. Msomaji haamini sifa anazotajiwa na mwandishi; huamini anachomwona mtu akikitenda. Chukua maneno yako "mkarimu ila ana uchungu wa pesa", uyapime na haya:

"Konda alipomaliza wali akaomba ukoko. Mwanaidi akamkwangulia, akaumwagia upawa mzima wa mchuzi wa maharage. Kisha akachomoa daftari kiunoni, akaandika: konda, ukoko, mia mbili."

Mchuzi umetolewa bure, ukoko umeandikwa deni. Hakuna aliyeitwa mkarimu wala bahili, na msomaji anajipimia mwenyewe huyu ni mwanamke wa namna gani.

Kabla ya kuandika upya, jibu maswali matatu, sentensi moja kwa kila swali. Leo anataka nini? Kiwe kitu cha kushikika: "maisha bora" hayafai, gunia la mkaa kabla bei haijapanda linafaa. Anamficha nani nini? Akikosa anachokitaka, anapoteza nini? Ukishapata majibu, mbane. Ana shilingi 30,000 mkononi, kodi ya chumba ni 30,000 na inaisha Ijumaa, na mdogo wake amempigia simu kutoka hospitali. Atakachokifanya na pesa hiyo ndiyo tabia yake. Waandishi wengi huharibu hapahapa kwa kumleta mjomba mwenye pesa dakika ya mwisho. Mjomba akifika, Mwanaidi hajachagua kitu, na sisi hatujamjua.

Sura yake? Alama mbili tatu zinatosha, hasa zile zilizoachwa na kazi: kovu la mvuke kwenye mkono wa kulia, moshi usiotoka hata kwenye kanga ya kutokea. Kimo kitaje siku atakaposhindwa kufikia kitu kwenye rafu.

Hadithi yangu inatokea Songea mwaka 1985. Babu wa miaka 60 anawasimulia wajukuu alivyopigana Vita vya Maji Maji. Rafiki amenicheka. Nimwongezee umri tu? (Msomaji, Mbeya)

Rafiki yako amepiga hesabu. Mwaka 1985 ukitoa 60 unapata 1925, na Maji Maji ilianza 1905 ikazimwa 1907. Aliyeweza kuiona ni baba yake. Ukimwongezea umri utahitaji mzee wa karibu miaka mia moja, na huyo ni mhusika mwingine kabisa, hata sauti yake itabidi ibadilike.

Mwache na miaka yake 60. Chora safu mbili kwenye karatasi, moja ya mwaka, nyingine ya umri wake. Mwaka 1939 Vita vya Pili vinaanza ana 14. Vinakwisha 1945 ana 20, kwa hiyo angeweza kuwa ameandikishwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na kupelekwa Burma. Uhuru wa 1961 unamkuta na miaka 36. Mwaka 1974, katika operesheni ya vijiji, ana 49, na huenda alihamishwa akaacha miembe aliyoipanda kwa mkono wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni zimeadimika.

Sasa usiyamwage yote. Kosa la kawaida ni kumkalisha mzee chini ya mti akahutubia historia ya nchi kurasa nne, wajukuu wakiitikia "ehe, babu". Chagua tukio moja tu lililomuuma, kisha litafutie mazoea ya leo. Aliyeonja uhaba huweka sabuni ya mche ndani ya sanduku chini ya kitanda, na mkwewe akiomba ya kufulia humkatia kipande cha vidole viwili. Sababu usiitaje mapema. Mkwe akasirike kwanza. Maji Maji nayo inaweza kubaki, ila aisimulie kama mtu aliyesimuliwa: akosee mambo, na mzee mwenzake ambishie.

Wahusika wangu wote wanaongea kwa sauti moja. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Nakili mazungumzo ya ukurasa mmoja, futa majina na kila "alisema", mpe mtu asome. Asipoweza kukuambia nani ni nani, kazi bado.

Anzia kwenye namna wanavyoitana, maana huko ndiko uhusiano unakokaa. Anayemwita mwanamke "Mama Zawadi", anayemwita "dada" na anayemwita kwa jina lake la utotoni hawako umbali mmoja naye. Kijana wa Dar aliyezoea kumpa jirani shikamoo, siku akipita kimya, umeshaandika ugomvi bila kuutaja. Kisha tazama jinsi kila mmoja anavyoomba kitu. Mmoja husema "nipe", mwingine "naomba", wa tatu haombi, husema tu "hivi kwenu chumvi bado ipo?"

Lahaja itumie kwa kipimo. Mzee wa Mombasa akisema "ndoo hapa", yaani njoo hapa, mara moja mbili, tumeshamsikia. Ukiandika kila neno lake hivyo, msomaji wa Kigoma atachoka. Na hili la kumchanganyia mtu wa bara *l* na *r* ili wasomaji wacheke, tungeomba liachwe. Limezeeka, tena humgeuza mtu kuwa kichekesho hata anapolia.

Mama wa kambo katika riwaya yangu ni mbaya mno, hadi mke wangu anasema haaminiki. (Msomaji, Tanga)

Mkeo ana haki. Mwandikie huyo mama ukurasa mmoja kwa nafsi ya kwanza, akieleza kwa nini anaona anatendewa vibaya. Hautauchapisha, ni wa kwako tu. Pengine nyama ni vipande vitano na watoto ni sita, na wa kwanza kulalamika kwa baba ni yule wa kambo. Akimnyima bado ni ukatili, ila sasa una sababu anayoweza kuitetea mbele ya majirani. Halafu mtafutie tendo moja jema lisilo na shahidi.

Majina nayachaguaje? (Msomaji, Kisumu)

Majazi, yaani jina linalobeba tabia, yana mahali pake. Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* anao Adili, Hasidi na Mwivu, na hadithi ile ya maadili inayadai. Katika riwaya ya maisha ya kawaida, jina Hasidi linamwambia msomaji mwisho wa kitabu ukurasa wa kwanza.

Jina lilingane na umri, dini na mahali. Chausiku amezaliwa usiku, Mwanaidi siku za Idi. Ukimwita mtu Otieno, kwenu huko watajua alizaliwa usiku au amerithi jina. Sura ya tatu isije ikasema mamaye alijifungua jua la utosi. Na usiwe na Asha, Aisha, Amina na Asma katika nyumba moja. Herufi za mwanzo zitofautiane, la sivyo msomaji atarudi nyuma kila kurasa mbili kutafuta aliyeolewa ni yupi.