Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu Daktari Matthew

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, baba yako naye ameusoma, tukakubaliana kwamba jibu lake si la kupeana kwenye simu. Unasema katika mafunzo ya kujikinga na homa za kutoka damu mlisimuliwa habari za Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, kule Gulu, Uganda, aliyekufa kwa Ebola mwaka 2000 akaacha mke na watoto watano. Wenzako walimsifu, wewe ukarudi nyumbani na swali: je, wanawe aliwatendea haki? Halafu chini kabisa ukaandika lile hasa linalokukosesha usingizi. Jina lako limo kwenye orodha ya watakaoitwa Marburg, ule ugonjwa ndugu wa Ebola, ikirudi Kagera, nawe una mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Uende?

Nakujibu kama nesi mstaafu na kama bibi wa huyo mtoto.

Matthew alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama akawalea kwa biashara ya kuvusha majani ya chai mpakani mwa Sudan. Mwaka 1983 aliingia Lacor kama ulivyoingia wewe hapo ulipo, daktari wa mafunzo. Hospitali ilikuwa ya Wakatoliki, yeye Mprotestanti, na walioikuza na kuiendesha walikuwa mume na mke, Piero Corti Mwitaliano na Lucille Teasdale wa Kanada. Lucille alifika Gulu mwaka 1961 kwa kazi ya muda mfupi tu, akaishia kupasua watu pale miaka zaidi ya ishirini. Virusi vya Ukimwi alivipata mezani akiwapasua majeruhi wa vita, na mwaka 1996 akafariki. Binti yao wa pekee, Dominique, naye alisomea udaktari, na hadi leo anaitafutia hospitali hiyo misaada. Nimekutajia kwa sababu umeuliza habari za watoto.

Watu hupenda kusimulia ile Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi walipokuja kuteka watu hospitalini, Matthew akajitoa achukuliwe yeye, wakakaa naye porini wiki nzima. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Ila mimi nisiyewahi kukutana na bunduki kazini, ninalolitazama zaidi ni usiku mwingine.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala anasoma Makerere. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayejua kwa nini. Akarudi Gulu siku hiyohiyo. Yeye na Sista Maria Di Santo wakayakusanya mafaili ya wagonjwa waliofariki kwa namna ile wakayapitia moja moja: homa, kutapika, damu. Akakaa na mwongozo wa kudhibiti homa za kutoka damu mpaka akaona haya yanafanana. Hakungoja barua ipande ngazi zote za ofisi, alimpigia simu mkubwa wizarani. Majibu ya maabara ya Afrika Kusini yalipokuja tarehe 15, wodi ya kutengwa ilikwisha kuanza kazi, wahudumu wanavaa, wanavuliana, wananyunyiza dawa. Kufikia mwisho wa mlipuko walikuwa wameugua watu 425 na kufa 224. Bila ule usiku wa kusoma mafaili, sitaki hata kufikiri hesabu ingefika wapi.

Sasa sehemu ambayo wengi huipita haraka. Novemba, usiku, nesi mmoja aliyekuwa mgonjwa pale wodini aliinuka kitandani akitokwa damu, amechanganyikiwa, na wenzake waliokuwa zamu wakaogopa. Wakamwita Matthew. Alivaa barakoa, kofia, gauni, glovu mbili mbili na gambuti. Miwani hakuvaa. Akamshika yule nesi, akamsafisha, akakaa naye. Siku chache baadaye homa ikaanza, na tarehe 5 Desemba akafariki. Walimzika siku hiyohiyo karibu na kaburi la Lucille, kama alivyotaka.

Miwani, mwanangu. Kwa hiyo swali lako la haki nalijibu hivi: aliwatendea haki. Hakwenda kutafuta kifo, alikwenda kutibu watu wasio na hospitali nyingine ya kukimbilia, na kwa wiki zote hizo aliwafundisha wenzake namna ya kutoka wazima. Yeyote atakayekusimulia kifo chake kana kwamba ndicho kilichomfanya awe mkubwa, usimsikilize. Kifo kile kilikuwa hasara tupu, kwa Margaret mkewe, kwa watoto wale watano na kwa Gulu nzima.

Mimi najua kidogo hofu hiyo. Nilianza kazi Kagera miaka ile Ukimwi wetu bado unaitwa Juliana. Glovu za leba tulizitumia, tukaziosha, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi kama soksi, kisha tukazipaka poda na kuzipanga kwa jozi. Kabla ya kuvaa unaipuliza, unaiziba mdomo, unaisikiliza shavuni kama inavuja. Kuna usiku mama mmoja aliletwa kwenye kerea ya baiskeli, mtoto amekwisha kutanguliza mkono, na jozi iliyobaki ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Mkunga mkubwa wa zamu alinishika bega, akaikata glovu nyingine iliyochanika, akanivisha kile kidole juu ya kidole, akakifunga kwa uzi. Haraka haraka, lakini alinizuia kumgusa yule mama mpaka amemaliza. Yule mkunga alikuwa na watoto, nami nilikuwa na kaka yako. Nilimzalisha, na wote wawili wakapona.

Nakuandikia haya kwa sababu maskini anapokosa glovu na nesi wake naye hana. Hospitali isiyo na vifaa huwaua wote wawili, halafu sisi tunaimba sifa za kujitolea. Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, kati ya sita waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Wewe pigia kelele vifaa, hata wakikuita mkorofi. Usiingie wodini peke yako. Kuvua ndiko kunakochukua watu kuliko kuvaa, kwa sababu umechoka, una joto na unataka hewa. Mtu asimame mbele yako akusomee hatua, na mikono ipite kwenye klorini kila hatua. Na usiku wa manane mtu akiita kwa kelele, vaa miwani kwanza. Hata kama anayeita ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

Ukiitwa na vifaa vipo, nenda. Vifaa vikiwa havipo, sema hadharani kwamba havipo, na usiingie mpaka vije. Hilo nalo ni kuwatumikia wagonjwa, maana hospitali yenye wahudumu waliougua hufungwa, na mlango ukifungwa anayekosa pa kwenda ni yule wa kijijini.

Mtoto mlete kwangu mapema, usingoje siku ya kuitwa, ili anizoee na aache ziwa taratibu. Ugonjwa huo hukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya kujionyesha, kwa hiyo ukitoka wodini utakaa mbali naye muda huo wote, na mimi nitakuwa nampigisha simu kila jioni akuone. Mume wako mweleze hayo kabla, asije akayasikia kwa watu. Kadi ya kliniki usiisahau, na uniandikie chanjo gani imebaki. Baba yako atakuja na basi la Alhamisi kumchukua.

Mama yako