Kabla hujasema kwasa hafifu zimebadilika

Grafu yangu ya kwanza niliipenda mno. Ilikuwa ya kwasa, yaani viini vikali vya galaksi za mbali vinavyowashwa na shimo jeusi. Chini niliweka mhamo mwekundu (ukiwa mkubwa, kwasa iko mbali zaidi na tunaiona ya zamani zaidi), pembeni nguvu ya redio, na nukta elfu kadhaa zikapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Nikahitimisha kwamba kwasa za zamani zilitoa redio kwa nguvu kuliko za leo. Msimamizi wangu hakubishana. Alichukua penseli, akaufuata ukingo wa chini wa lile wingu la nukta taratibu, akaniuliza, "Mbona hapa pamekatwa kama kwa wembe?"

Palikatwa na darubini. Data yangu ilitoka kwenye upimaji wa FIRST, ulioanza mwaka 1993 kwa darubini ya redio ya VLA huko New Mexico, Marekani, katika gigahetsi 1.4. Katalogi yake inaishia kwenye milijanski 1 hivi, kipimo cha ukali wa redio unaotufikia. Kwa mpaka huo, kwasa iliyo kwenye mhamo 2, ambayo mawimbi yake yamesafiri zaidi ya miaka bilioni 10, lazima iwe na nguvu kama mara 25 ya ile ya mhamo 0.5 ndipo iingie kwenye orodha. Simama ufukweni usiku wavuvi wa dagaa wakiwa kazini: karabai za karibu utaziona zote, kali na zilizofifia, lakini za mbali utaona kali tu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutangaza kwamba wavuvi wa mbali wote wana karabai kali.

Basi wewe unayeanza, chora huo mpaka kabla ya kuchora kitu kingine chochote. Kisha linganisha kwasa zenye nguvu sawa katika enzi tofauti, au tumia njia ya mwanaastronomia Maarten Schmidt ya mwaka 1968. Ndiye yule aliyeisoma kwasa ya 3C 273 mwaka 1963 akakuta mhamo wa 0.158. Kwa kila kwasa unauliza: ningeisogeza mbali kiasi gani kabla haijapotea machoni? Unagawanya ujazo wa anga hadi ilipo kwa ujazo wa hadi pale ambapo ingepotea. Zikiwa zimetapakaa sawasawa, wastani unakuwa 0.5, ukizidi hapo, zamani zilikuwa nyingi zaidi. Lakini kwasa inaweza kupotea kwenye nuru ya kawaida kabla haijapotea kwenye redio, kwa hiyo pima mipaka yote miwili na uchukue ule wa karibu. Hili linasahaulika sana.

Kosa langu la pili lilikuwa alama ya kutoa. Mwanga wa redio wa kwasa nyingi hupungua kadiri masafa yanavyopanda, na kipeo chake, namba inayoonyesha unavyopungua, huwa karibu na -0.7. Waandishi wengine huandika -0.7, wengine 0.7, kila mmoja na fomula yake ya kukokotoa nguvu. Nilichukua fomula ya huyu na namba ya yule. Kwenye mhamo 0.5 unakosea chini ya mara mbili, hushtuki. Kwenye mhamo 3 unakosea karibu mara saba. Hapo unapata mageuzi mazuri kabisa, laini, yanayopendeza, na yote ni uongo.

Kulinganisha katalogi mbili, ya redio na ya nuru ya kawaida, ili kujua kipi ni kipi, sitakusumbua nako. Sogeza tu nafasi zote kwa dakika moja ya tao (sehemu moja ya 60 ya digrii), linganisha upya, na idadi ya zitakazooana ndiyo ya bahati nasibu.

Tatizo kubwa ni zile usizoziona. Kwasa zenye redio kali ni kama moja katika kumi. Zilizobaki si bubu, zinanong'ona, na ukizitupa umetupa somo lenyewe. Hapa tunarundika picha: unakata kipande cha anga palipo na kila kwasa, unavipanga kimoja juu ya kingine, halafu katika kila pikseli unachukua thamani ya katikati. Usichukue wastani, maana kwasa chache kali zitakuharibia picha nzima. Vipande 10,000 hupunguza kelele mara 100, na nukta inajitokeza palipokuwa na ukungu mtupu. Siku nilipoiona yangu nilimwita jirani wa meza ya pili aje atazame. Ila kwa picha za FIRST usiiamini namba hiyo ilivyo: uchakataji wake hupunguza mwanga wa vyanzo hafifu, na inabidi uuzidishe kwa 1.4.

Ukishafika hapo ndipo swali gumu linakuja. Hiyo redio hafifu inatoka kwenye shimo jeusi, au kwenye nyota zinazozaliwa katika galaksi inayolizunguka? Kwasa zilikuwa nyingi zaidi kwenye mhamo 2 hadi 3. Uzazi wa nyota nao ulifika kilele karibu na mhamo 2. Saa mbili zinagonga karibu pamoja, kwa hiyo umbo la mageuzi peke yake halikuambii unasikia ipi. Darubini ya redio ya MeerKAT, na sahani zake 64 kule Karoo, Afrika Kusini, inaona vyanzo hafifu kuliko FIRST ilivyowahi kuona, lakini mara nyingi galaksi ya mbali inabaki kuwa doa moja. Mimi siku hizi natafuta data ya darubini zilizounganishwa kutoka nchi mbalimbali, kwa sababu kiini kidogo cha shimo jeusi hubaki kwenye picha, na mwanga uliotawanyika wa nyota hupotea.