Maswali na majibu: nyumba ya vyumba sita

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliorithi au kununua nyumba za zamani za Uswahilini, zile zenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma. Nazijibu kwa zamu.

Shikamoo mzee. Babu yetu ametuachia nyumba Magomeni. Dalali ameiandika "bangalo" kwenye tangazo, mama anasema ni nyumba ya Kiswahili tu. Nani mkweli?

Marahaba, mwanangu. Mama yako. Neno bangalo asili yake ni Bengal. Nyumba ya chini ya mtindo wa huko iliitwa bangla, Waingereza wakalidaka neno hilo tangu karne ya 17 na kutembea nalo kila walikokwenda kutawala. Pita Oysterbay uone waliyojijengea hapa Dar: nyumba peke yake katikati ya bustani, familia moja ndani, vyumba vya watumishi huko nyuma. Ya babu yako imesimama ukingoni mwa mtaa, uso kwa uso na wapita njia, na tangu inachimbwa msingi ilikuwa inasubiri wapangaji. Zinalingana kwa kukosa ghorofa, basi. Dalali anajua tu kwamba bangalo linauzika.

Mzee, korido yetu inakula nafasi bure. Fundi anashauri tuzibe mlango wa nyuma, tupate chumba cha saba. Unasemaje?

Kabla hajashika nyundo, fanya jambo moja. Saa nane mchana fungua mlango wa mbele na wa uani, kisha kaa kwenye kigoda katikati ya korido. Halafu funga wa uani, ukae tena dakika kumi. Jibu utalipata mgongoni, shati likianza kuganda.

Upepo ni nusu tu ya kazi yake. Kila chumba kina mlango unaofungukia koridoni, kwa hiyo mpangaji haingii kwake kwa kukatiza kwa mwenzake. Ndiyo maana nyumba hizi ziliweza kubeba kaya tano au sita bila watu kuvunjiana heshima. Mgeni wa kiume anaishia barazani, wa karibu zaidi anafika koridoni, na uani, kwenye jiko, kisima au bomba na choo, ni kwa wenyewe, hasa akina mama. Siku ya msiba utaona mpango huo ukifanya kazi wenyewe: wanaume nje kwenye mikeka, wanawake ndani hadi uani, sufuria zinaingia na kutoka bila mtu kumpita mtu. Ukiziba ule mlango wa nyuma, pilau ya hitima itapitishwa wapi? Dirishani?

Na tazama juu. Katika nyumba nyingi za aina hii kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Zinaishia njiani na kuacha uwazi. Joto hupandia hapo likatoka. Gharama yake ni siri. Nyumbani kwa bibi yangu, Ilala, ukipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha mbele anakwambia "afya", na kesho asubuhi anakuuliza kama umekunywa dawa. Mafundi wa leo wanapandisha kuta na kupiga singibodi. Faragha inapatikana, na feni inanunuliwa mwezi huohuo.

Hujambo kaka? Niko Majengo, Mombasa. Kwa nini vyumba vya wazee wetu vilikuwa vidogo namna hii?

Sijambo, ndugu yangu. Ukianzia kwenye majumba ya mawe, kama ya Lamu na Unguja, mwenye kauli alikuwa boriti. Dari zito la mawe na chokaa lilikaa juu ya magogo ya mikoko, na gogo la mkoko likivuka mita 3 hivi huanza kupinda. Hivyo chumba kikawa chembamba na kirefu. Boriti hizohizo majahazi yalizipeleka hadi Oman na nchi za Ghuba, na vyumba vya kule navyo vikafuata kipimo chake.

Nyumba zetu za udongo hazikuwa na dari zito. Huku boriti zilisimama wima kama nguzo, zikafungwa fito, mafundi wakashindilia mawe na udongo, paa likawa la makuti. Hapo udogo wa chumba ni hesabu ya kodi: kitanda, sanduku na mkeka vikienea, chumba kimepata mtu.

Tulipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa udongo. Miaka miwili tu, inavimba na kubanduka kama ganda la muhogo. Fundi katuibia?

Huenda hakuwaibia, ila hakuwauliza ukuta ni wa nini. Udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu. Saruji ni ngumu na inabana, unyevu unakosa pa kutokea, unakusanyika nyuma yake pamoja na chumvi na kuisukuma. Bandueni sehemu zilizolegea, uacheni ukuta ukauke vizuri, kisha pigeni lipu laini ya chokaa na mchanga. Na kabla ya yote, angalieni maji ya paa yanamwagikia wapi. Yakitua chini ya ukuta, hata chokaa haitawasaidia.

Nitajuaje umri wa nyumba bila hati?

Anza na majirani wazee, halafu panda darini. Ukikuta madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa yakawa bati, umekutana na mtu aliyejenga kwa kubana senti. Matofali ya saruji kwa kawaida ni ya baadaye: Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, likabomoa nyumba nyingi za udongo na makuti na kujenga za matofali, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikaanza kazi 1966. Ila usidanganywe na ramani. Ukuta ulibadilika, korido na vyumba vyake vikabaki vilevile.

Kuna nyumba ya zamani ya Uswahilini naweza kuwapeleka watoto kuiona?

Ipo. Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni kabla ya uhuru, na nyumba yake ya Mtaa wa Ifunda leo ni makumbusho. Watoto watashangaa udogo wake.

Tuvunje kibaraza tuweke fremu mbili za duka?

Kodi ya fremu naijua, sitawadanganya kwamba kahawa na bao vinalipa kama hiyo. Lakini pimeni kwanza kimo cha kibaraza kutoka barabarani. Wazee walikiinua ili maji ya masika yapite chini yake, na mitaa mingi sasa imejaa kifusi mpaka imekaribia usawa wa sakafu. Kama kwenu kimebaki kimo cha tofali moja tu, mkikivunja maji yatakuwa ya kwanza kuingia dukani. Chukueni chumba kimoja cha mbele mkifanye fremu, toboeni mlango wa mtaani, na kibaraza kiacheni mahali pake. Wateja nao wanahitaji pa kukaa.