Maswali Yenu, Majibu ya Mafundi: Spoki za baiskeli ya babu

SWALI: Mbukwenyi wahariri. Babu alituachia Phoenix ya gurudumu la inchi 28, imening'inia ghalani tangu tumzike. Mimi kwenye kikundi cha ngoma napiga ilimba, ile ala ya Wagogo yenye njiti za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, lakini ni ya kuazima. Fundi aliyekubali kunichongea yangu anasema hakuna chuma kizuri kwa njiti kama spoki za baiskeli kongwe. Bibi hajakataa, ila kila nikilitaja jambo hilo anainuka kwenda kuangalia kuku. Nikizitoa spoki, si ndiyo baiskeli imekufa? Na zitatosha?
– Msomaji, Mvumi

JIBU: Haifi, mradi usizikate kwa koleo. Spoki iliyokazwa ikikatwa ghafla huruka, na jicho lako liko karibu. Ringi nayo huvutwa upande wenye spoki zilizobaki, ikapinda. Vua tairi na tyubu, paka mafuta ya taa kwenye vile vikofia vinavyoshika spoki kwenye ringi, kisha acha usiku kucha. Asubuhi legeza kila kikofia nusu mzunguko tu, ukiizunguka ringi nzima. Rudia raundi ya pili na ya tatu hadi zote zilegee, ndipo uzitoe.

Chukua za gurudumu la nyuma. Baiskeli za aina hiyo kwa kawaida zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na za nyuma ndizo zilizobeba magunia. Huchoka pale kwenye kiwiko, zilipopindwa karibu na habu, kitovu cha gurudumu. Fundi baiskeli yeyote angekushauri uzibadilishe hata kama hupigi ilimba. Lakini katikati chuma bado ni kizima, na hapo ndipo wewe unapopahitaji. Peleka spoki moja dukani kama kipimo, nunua mpya za urefu uleule, gurudumu lisukwe upya. Baiskeli inarudi ghalani, au tuseme barabarani, maana tairi huharibika kwa kukaa. Maneno haya mwambie bibi wewe mwenyewe kabla hujashika spana, usimtume mtu. Akikataa, iache. Misumari mirefu ikifuliwa vizuri nayo hulia.

Kwa ilimba ya njiti 20 spoki 10 zinatosha. Andaa 14, kwa kuwa baadhi utaziharibu. Spoki moja ina urefu wa karibu sm 30. Kata kiwiko na sehemu yenye hesi, kama sm 2 kila upande, utabaki na vipande viwili vya sm 13.

Wengi huharibu kazi kwa moto. Hupasha spoki hadi iwe nyekundu ili ifulike upesi. Chuma hicho kilipata ugumu wake kwa kuvutwa kikiwa baridi kiwandani. Ukikipasha hivyo kinalainika kama waya wa kufungia nondo, mlio unakatika mapema na sauti haikai ulipoiweka. Tena spoki zilizopakwa zinki zikiungua hutoa moshi mbaya kwa kifua. Ifue ikiwa baridi, juu ya fuawe au kipande cha reli, kwa vipigo vidogo vingi. Anza na sm 3 za ncha inayoguswa na kidole gumba, uishushe kutoka unene wa mm 2 hadi karibu mm 1. Ukiona ukingo umeanza kuchanika, umepitiliza; kata sehemu hiyo, njiti itumike kwa sauti ya juu. Malizia kwa tupa na msasa. Njiti yenye ukingo mkali hukuchana gumba kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Njiti ikishabanwa juu ya vidaraja, yaani vijiti vya ubaoni inavyolalia, ukiivuta nje sauti inashuka, ukiisukuma ndani inapanda. Hapa weka kando piano na programu za simu za kutyuni gitaa. Mizani ya Kigogo, yaani mpangilio wa sauti zake, hufuata sauti zinazojitokeza zenyewe katika uzi mmoja unaotetemeka, kwa uwiano wa mitetemo wa 6:7:8:9:10. Kama njiti zina unene sawa na ya kwanza imetokeza sm 10, zinazofuata zianze karibu sm 9.3, 8.7, 8.2 na 7.7, kwenye sm 7.1 unaipata tena sauti ya kwanza, juu. Ufuaji wa mkono haulingani, kwa hiyo vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Keti na mpiga zeze wa kikundi umalizie kwa sikio. Njiti inayosema "tk" badala ya kulia haina kosa la sauti: chuma cha kubania njiti ubaoni kimelegea, kaza waya wake.

Usisahau ule mvumo unaoandamana na mlio wa njiti. Tundu dogo kwenye ubao wa juu hufunikwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, kile kinachoganda ukutani kama sarafu. Toa mayai, bandika utando kwa nta kidogo pembeni mwa tundu, usiuvute ukakaza. Hupasuka kirahisi, kwa hiyo weka wa akiba katikati ya kurasa za daftari.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kinacheza muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na ngoma za kupiga hazitoshi. Marehemu mama aliniachia kinu cha mti mgumu. Wenzangu wanasema nikitoboe kitako, kiwambwe ngozi. Kukitoa nimekubali, lakini kitalia?
– Msomaji, Kongwa

JIBU: Hapana, dada, kiache. Ngoma huchongwa gogo likiwa bado bichi, patasi inapopita bila kubishana. Kinu kimekauka kwa miaka. Ukikilazimisha kitako, mti unapasuka kufuata nyuzi zake. Hata kikisalimika, kuta zake ni nene na kitakuwa kizito mno kubana magotini wimbo mzima. Mngepoteza kinu msipate ngoma.

Kama mnataka kiwepo uwanjani, kitumieni kama kinu: watwangaji wawili wakipokezana michi kwa mapigo ya wimbo. Tieni viganja viwili vya mtama ndani. Kikitwangwa kitupu, mchi hula kitako, na ufa huanzia hapo.